Achia Kitufe, Papa

Kiti cha mbele cha kushoto ndani ya gari la shirika kina heshima yake. Watu wa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wakiniona nimekikalia, kioo kimeshushwa na kiwiko kiko nje, hudhani nimeyapatia maisha. Mama muuza maandazi jirani yangu ameshaacha kunikopesha. Kwa hesabu yake, mtu anayekaa pale hana sababu ya kukopa.

Kumbe kiti chenyewe ni adhabu. Kwa kanuni za shirika (jina lake nalimeza, maana posho yangu ni ndogo lakini ipo), mikono ya dereva ni ya usukani tu, na anayekaa kando yake ndiye wa redio. Si redio ya kusikilizia rumba. Ni ile redio ya upepo, redio kol kama wanavyoiita Watanzania: kisanduku cheusi chini ya dashibodi, waya uliojikunja, na kidude cha kushika mkononi chenye kitufe ubavuni. Mimi niliajiriwa, hapana, samahani, mkimbizi haajiriwi, mimi "nilijitolea" kuwa mkalimani wa Kiswahili, Kifaransa na Kichewa. Na kwa kuwa mkalimani huwekwa mbele ili awasikie wote, nikajikuta nimekabidhiwa mawasiliano ya gari zima bila kuongezwa hata kwacha moja.

Utaniuliza, na simu je? Simu inamfaa mtu mmoja anayemtafuta mtu mmoja, tena siku ambayo umeme umekuwapo, vocha imepatikana na mnara umekubali. Kwenye redio hubonyezi namba. Ukisema, wamesikia wote walio kwenye chaneli: kituo, magari yaliyo njiani, mlinzi wa ghala. Likitokea la kutokea kwenye barabara ya M1, katikati ya malori ya tumbaku yanayokimbilia mnada wa Kanengo na baiskeli za kabaza zilizopakia abiria, magunia na mbuzi, unasema mara moja na aliye karibu anakuja. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ndio huo huo: wamesikia wote.

Tulifundishwa, tusije tukasema hatukufundishwa. Alikuja kijana mmoja mwembamba kutoka mjini, mwenye subira ya mtu anayelipwa kwa siku, akatuweka ukumbini asubuhi mpaka wakati wa chakula. Sikiliza kwanza, akasema, usije ukamkatiza mwenzako. Bonyeza, tulia kidogo, ndipo useme, kwa sababu mitambo huchukua muda mfupi kuamka, na mwenye haraka hukatwa neno la kwanza, ambalo mara nyingi ndilo jina la yule anayemwita. Kidude kiwe mbali na mdomo kiasi cha upana wa kiganja, usikimeze. Sauti iwe ya kawaida. Mwite unayemtaka, jitaje, toa habari, sema "ova", achia. Habari ikiwa ndefu ikate vipande, na kila kipande achia, huenda yuko mwenye dharura anayengoja upumue. Usitaje jina la mgonjwa, wala fedha, wala saa ya kuondoka kwa gari lililobeba kitu cha thamani, maana hewani hakuna mlango wa kufunga. Na dereva akiwa peke yake garini, asimame pembeni kwanza ndipo ashike kidude.

La mwisho aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: UNAPOBONYEZA, HUSIKII. Redio za aina hii ama zinatoa sauti ama zinaingiza. Haziwezi yote mawili kwa pamoja. Aliyeshika kitufe ni kiziwi mpaka akiachie. Tulicheka sana siku ile. Sasa sicheki.

Shida ni kwamba kanuni hizo zilitungwa na watu wasiosalimiana. Kambi hii imejaa watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, wote wamewekwa katikati ya Wachewa, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kuanza mazungumzo kwa habari yenyewe. Nikiita kituo kusema tumefika njia panda ya Dowa, mama wa kituo, Mmalawi mwenye malezi yake, ananijibu kwanza, "Muli bwanji?" Nifanyeje? Ninyamaze? Namjibu niko salama, sijui yeye. Naye yuko salama, ananishukuru. Namshukuru kwa kunishukuru. Tukiwa bado tunashukuriana, mlinzi wa ghala, mtu wa Fizi, anasikia sauti ya ndugu hewani na kuingia: "Papa, ni miye wa kule ku depo. Mulilala muzuri? Na ule mama mwenye alikuwa mugonjwa?" Ule mama mwenye alikuwa mgonjwa ni mke wangu, na ugonjwa wake haukuwa wa kutangazwa kwa magari yote ya wilaya ya Dowa. Lakini nimjibu nini mzee wa watu, aliyeuliza kwa mapenzi? Namjibu kwamba amepata nafuu. Magari mawili yanatoa pole. Kufikia hapo njia panda ya Dowa tumeshaipita kitambo na bado sijaitaja.

Dereva mmoja, gari lake lilipotumbukia mtaroni wakati wa mvua na kuegemea mti kwa upande wa mlango, aliita msaada kwa kuuliza kwanza kituo kimeamkaje. Kituo kilikuwa kimeamka vizuri.

Halafu kuna hayo majina. Magari hupewa herufi za ile alfabeti ya marubani, Alfa, Bravo, Charlie na wenzake, iliyoanza kutumika katika usafiri wa anga wa dunia mwaka 1956. Waliokaa kuitunga hawakuwa na Mkongo mezani, vinginevyo angewaonya. Gari letu limeangukia herufi ya Papa, na papa kwa Mkongo ni baba. Kituo kikiita, "Papa Tano, Papa Tano, mko wapi?" wazee wote wa kamati waliokaa nyuma wanaitika kwa pamoja, na kila mmoja anaeleza aliko, na kwa nini, na nani alimchelewesha.

Nisiwalaumu bure. Sisi wa mashariki mwa Kongo tuna historia na kitu hiki. Waliokaa Shabunda, Kindu au Kalemie kabla ya simu za mkononi wanaikumbuka foni. Ilikuwa chumba kimoja, pengine misheni, pengine nyuma ya duka la mnunuzi wa dhahabu, mna betri ya gari, redio, na bwana wa foni mwenye kiti kimoja kizuri. Unalipa, unangoja zamu, unaitiwa Bukavu. Ile haikuwa redio ya VHF kama hii ya gari letu, ambayo mawimbi yake huenda moja kwa moja na kuishia yanapokutana na mlima. Ile ilikuwa ya mawimbi mafupi, yanayopanda juu angani na kurudishwa chini mbali sana, mamia ya kilomita, juu ya msitu wote. Kwa hiyo ulipiga kelele. Uliona ni haki, kwamba sauti inayokwenda mbali hivyo lazima isukumwe. Na waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi walikuwa wakisikiliza posa yako, deni lako, na mtoto aliyezaliwa na mama asiyetajwa. Hakuna aliyeona vibaya. Walikusaidia hata kukumbuka ulichosahau kusema.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa na foni, mpe redio ya kisasa ya wati 25. Anakishika kidude kwa mikono miwili, anakisogeza mpaka kinagusa meno, anapaza sauti ya kuvuka msitu wa Maniema, kumbe anamwita mlinzi anayeonekana pale getini. Upande wa pili zinafika kelele tupu. Mlinzi anatoka kibandani, anakuja kwa miguu, anauliza, "Munasema nini?"

Heri polisi wa Detroit, kule Marekani: walipoanza kuyapelekea magari yao habari kwa redio mwaka 1928, zilikuwa redio za kusikiliza tu. Kituo kinasema, gari linanyamaza na kutii. Miaka mitano baadaye, mwaka 1933, polisi wa Bayonne, New Jersey, ndipo walipoyapa magari mdomo. Wale wa miaka mitano ya kwanza nawaonea wivu.

Kuna jambo moja kwenye redio hii linalonifurahisha, nalo nitalisema kabla sijarudi kulalamika. Dzaleka iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, na kabla ya hapo, enzi za rais Kamuzu Banda, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Nafikiri anayepanga matumizi ya mahali hapa ana mawazo ya aina moja. Ilikusudiwa watu elfu 10 au 12, sasa tumepita elfu 50. Mimi nikitaka kwenda mjini peke yangu lazima niwe na kibali, na baada ya agizo la serikali la Machi 2023 la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa na maduka na nyumba mijini, kibali hicho nakichunga kuliko cheti cha ndoa. Lakini sauti yangu nikibonyeza inapanda mpaka ripita iliyo kilimani na kuteremka Lilongwe kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Haijawahi kusimamishwa kizuizini wala kuulizwa karatasi. Si kwamba hewa haina mwenyewe, anaye: MACRA ndiyo mamlaka inayotoa leseni za masafa hapa Malawi, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2016, na redio isiyo na leseni ni kosa. Kwa hiyo redio yetu ina kibali chake. Mimi changu huombwa upya kila safari.

Basi. Tuje kwa wakubwa.

Mkubwa haamini kwamba kanuni ya redio inamhusu. Ameisaini yeye, na kwa mantiki yake aliyeisaini yuko juu yake. Akiwa peke yake ndani ya gari lake, mkono mmoja usukani, mkono wa pili kwenye kidude, anatuhutubia sote kuhusu usalama barabarani. Piga hesabu: gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Akiinama sekunde tatu kukitafuta kidude kilichoangukia miguuni, amekwenda mita 66 bila kuona, na katika mita 66 za M1 karibu na Lumbadzi unaweza kupata shule inayotoka, mkokoteni, na mwanamke aliyebeba kuni ambaye hana haja ya hotuba. Nilimwambia hilo kwa heshima zote. Akanijibu kwamba hata Uingereza, walipokataza madereva kushika simu mwaka 2003, redio ya upepo waliiacha nje ya katazo. Ni kweli, waliiacha. Alichokiruka ni kwamba polisi wa huko bado anaweza kukushtaki kwa kushindwa kulidhibiti gari lako, uwe umeshika redio au sambusa.

Foleni za mafuta nazo zimeongeza mambo. Miaka hii ya uhaba wa fedha za kigeni, Malawi imekuwa nchi ya kungoja petroli, na gari la shirika linangoja pamoja na wengine, likisogea urefu wa gari moja kwa nusu saa. Kanuni inasema kwenye kituo cha mafuta redio izimwe, wala mtu asibonyeze, kwa sababu cheche ndogo ikikutana na mvuke wa petroli hakutakuwa na wa kuandika ripoti. Kanuni nzuri, naiunga mkono kwa ngozi yangu yote. Ila haisemi kituo cha mafuta kinaanzia wapi. Mkia wa foleni uko mbali kiasi kwamba pampu hazionekani. Nikizima redio huko, nakaripiwa kwa kupotea hewani. Nikiiacha, tunafika chini ya pampu na mkubwa anaita wakati huo huo, "Papa Tano, mbona kimya?" Na nyuma yangu amekaa mzee mmoja ambaye hawezi kusikia jina linaitwa bila kulijibu, ananyoosha mkono kati ya viti. Nimeshajifunza kukikalia kidude tunapofika pale. Nimeizima redio na bado nimekikalia.

Na antena. Mtu aliyeweka chuma kirefu, chembamba, kinachotikisika juu ya gari na kulileta gari hilo kwenye kambi yenye watoto maelfu, hakuwa na watoto. Gari likisimama tu, wanaizunguka. Wanaivuta, wanaiachia, inalia *twaaang*, wanashangilia. Hawajui, na mama zao hawajui, kwamba mtu akibonyeza kitufe huku mkono wa mtoto uko juu ya antena, mtoto anaweza kuungua, hasa kwenye yale magari yenye antena ndefu ya mawimbi mafupi pale mbele kwenye bampa. Chuma hakiwi chekundu, hakitoi moshi, kwa macho ni kile kile. Ndiyo maana mimi nikitaka kuita kituo huanza kwa kutoa kichwa dirishani na kufukuza watoto. Na ndiyo maana kila ujumbe wangu, kama mnavyojua ninyi mliomo kwenye chaneli, huanza na "Ninyi watoto, tokeni hapo!" kwa sababu wengine hungoja mpaka nimebonyeza ndipo warudi.

Mama mmoja alimfunga kuku wake kwenye antena. Alikuwa anamnunulia chumvi tu, akasema, asingekawia.

Hiyo antena ndiyo iliyotupeleka Kauma. Dereva aliegesha chini ya mwembe, kwa sababu jua la Oktoba hapa halina adabu, na alipoondoka tawi likaishika antena na kuivunja kwenye shina lake. Sikuwamo siku hiyo, nilikuwa natafsiri mkutano wa maji. Aliyekalia kiti changu aliona redio inawaka taa, akasema basi ni nzima, akaendelea kubonyeza. Redio ya kutuma isiyo na antena nguvu yake haina pa kutokea, inarudi ndani na kupasha moto vile vya ndani. Alibonyeza mpaka mle garini pakanuka plastiki, ndipo akasema labda betri.

Fundi wetu anakaa Kauma, mashariki ya jiji, upande ule yaliko mabwawa ya maji taka ya Lilongwe. Upepo ukigeuka hewa ya pale inakuambia uko wapi bila redio yoyote. Ni fundi mzuri, na kama mafundi wote wazuri hawezi kutengeneza kitu bila kukutukana kidogo kwanza. Alituonyesha kwamba nyaya za umeme wa redio yetu zilichomekwa popote palipokuwa na nafasi. Waya wa redio, alisema, utoke moja kwa moja kwenye betri, wenye unene wake, na fyuzi ikae karibu na betri ili waya ukikwaruzika usiwashe gari moto. Akauliza ni nani aliyefunga kisanduku mahali ambapo mfuko wa hewa hufumukia gari likigonga. Hakuna aliyemjua. Akakihamisha. Akaweka antena mpya, akatukataza kusimama chini ya miti na chini ya nyaya za umeme, na ngurumo zikianza tuachane na mazungumzo. Dereva akauliza, sasa tukisimama juani, abiria? Fundi akasema yeye ni fundi wa redio.

Kitu kimoja hakuwa nacho: klipu. Ile ndoana ndogo ya kutundikia kidude pale kwenye dashibodi ilikuwa imevunjika, na ya aina yetu lazima iagizwe. Akachukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufunga ukawa kitanzi, kidude kikakaa. Haukupendeza machoni, lakini ulishika.

Siku ya kulichukua gari alikuwapo mgeni kutoka makao makuu, mwenye beji mbili. Kiti cha mbele kikawa chake, mimi nikahamishiwa nyuma na mafaili. Aliuona ule mpira, akauliza uchafu huu ni nini, akaufungua na kuutupa nje. Kidude akakilaza kitini, kando yake. Tukaondoka Kauma, akajiweka vizuri, na paja lake, ambalo halikuwa paja la posho, likatua juu ya kitufe.

Mimi niliiona ile taa nyekundu. Kwenye redio yetu, taa nyekundu ikiwaka na haizimiki, maana yake tunasikika. Nikasema, "Samahani, bwana mkubwa." Akainua kiganja, nisimkatize. Alikuwa anamweleza dereva habari za ofisini: nani analipwa kiasi gani, mkubwa wetu wa hapa alipataje cheo, na ile safari ya semina ilikuwa ya nini hasa. Dereva, bambo mwenye heshima, anaitikia, "Eee. Eee." Nikajaribu tena. "Mkalimani," akaniambia bila kugeuka, "sijazungumza lugha ya kutafsiriwa."

Basi nikanyamaza, Kanengo tukaipita.

Redio za siku hizi hupangiwa muda, ukibonyeza kupita kiasi zinajikata zenyewe. Yetu haijapangwa. Ilituma bila kupumzika, na kwa kuwa tulikuwa tumeishika chaneli hakuna aliyeweza kutuambia tuiachie. Mama wa kituo aliona njia moja: akampigia dereva simu. Dereva wetu, ambaye amesaini kanuni kama sisi sote, hapokei simu akiendesha. Ikaita, akaiangalia, akaiacha. Mgeni akamsifu kwa nidhamu hiyo, na sifa hizo nazo zikasikika mpaka Dowa. Wakati huo gari jingine la shirika lilikuwa limepasukiwa tairi upande wa Mponela, na akina mama wenye watoto wachanga ndani, dereva wake anaita, anaita, na kila akiachia kitufe anasikia habari za semina. Alikuja kusaidiwa na lori la mahindi.

Tulisimamishwa na polisi kwenye kizuizi karibu na Lumbadzi. Mgeni akainuka kutafuta kitambulisho, taa nyekundu ikazimika, na papo hapo redio ikalipuka kwa sauti za watu wote waliokuwa wakingoja zamu. Wa kwanza kusikika alikuwa mkubwa wetu wa hapa. Hakusalimia.

Mlidhani mgeni aliandikiwa barua ya onyo? Kabla ya wiki kwisha ilibandikwa karatasi ukutani, yenye mhuri, yenye kichwa cha habari "Nidhamu ya Redio kwa Wakalimani na Watu wa Kujitolea". Tumekumbushwa kusikiliza kwanza. Tumekumbushwa kusema kifupi. Siku za tamasha la Tumaini, lile lililoanzishwa hapa kambini mwaka 2014, ambapo wageni hufurika na chaneli hugeuka soko, tumetakiwa tusiguse redio kabisa, isipokuwa mkubwa akituita, na akituita tujibu mara moja. Kuhusu mapaja karatasi haisemi kitu.

Mimi nikaandika ombi langu kwa utaratibu: klipu moja, ya kutundikia kidude, aina fulani, fundi wa Kauma anaijua. Nikapeleka nakala tatu. Ombi likaenda kwa wa vifaa, akasema ni la usafiri. Wa usafiri akasema redio si gari. Wa mawasiliano akasema klipu si redio. Nikaongeza sentensi moja kwamba ni jambo la usalama, na neno usalama likalipandisha ombi mpaka juu kabisa.

Jibu limekuja jana. Tulikuwa barabarani, kidude nimekishika mkononi tangu Dzaleka kwa kuwa hakina pa kukaa, vidole vimekufa ganzi. Mkubwa akaita Papa Tano. Kwa nyuma ya sauti yake nilisikia injini na honi, maana yake yuko njiani, na yuko peke yake. Akaanza kwa kunishukuru kwa moyo wa kujitolea. Akaeleza bajeti ya mwaka huu, na ya mwaka uliopita, na msimamo wa wafadhili. Wazee nyuma wakaitikia kila alipotua. Tukaingia kwenye bonde, mikwaruzo ikaanza, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, Papa Tano, kuhusu ile klipu, uamuzi wetu ni kwamba..."

*Khrrrrrrrr.*

"...kuanzia kesho, na hilo halina mjadala. Umenipata?"

Nikabonyeza, nikatulia kidogo kama tulivyofundishwa, nikamwomba arudie. Hakunisikia. Alikuwa bado amebonyeza.